Kumsindikiza Mgonjwa wa Saratani ya Thairoidi, Kuanzia Uvimbe wa Shingo hadi Fomu ya Ridhaa ya Utafiti

Anayemsindikiza mgonjwa wa saratani ya tezi ya thairoidi aende hospitali na vitu viwili: bahasha ngumu ya kuwekea karatasi, na swali moja la kuuliza kila hatua mpya inapopendekezwa, yaani, "Tusipofanya hivi, itakuwaje?" Bahasha inahitajika kwa sababu wengi wa wagonjwa hawa huishi miaka mingi baada ya matibabu, wakahama miji na kubadilisha madaktari, huku karatasi ya siku ya kwanza ikiendelea kuulizwa. Swali nalo linahitajika kwa sababu ya jambo lisilo la kawaida katika habari za saratani: tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha, moja baada ya nyingine, kwamba baadhi ya wagonjwa wanaweza kupewa tiba pungufu kuliko iliyozoeleka na hali zao zikaendelea vizuri vilevile.

Nayaandika haya kama ndugu wa mgonjwa, si kama daktari. Nilimsindikiza dada yangu mkubwa katika safari hii kwa miaka kadhaa, na mengi ninayoyaeleza tuliyajua baada ya kuyakosea. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kumsaidia mtu akae mbele ya daktari akijua la kuuliza.

Shingo imevimba: ulizia namba

Thairoidi ni tezi iliyokaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na homoni zake ndizo zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Tezi hii ikivimba, watu husema mtu ana rovu, na walio wengi wenye rovu hawana saratani hata kidogo. Hata palipo na kinundu kinachoshikika kwa mkono, ni takriban vinundu 5 hadi 15 kati ya 100 vinavyogundulika kuwa saratani, na wanawake hupata ugonjwa huu kiasi cha mara tatu ya wanaume. Kwa hiyo hofu isitangulie vipimo. Hata hivyo, kinundu kigumu kinachokua upesi, sauti inayokwaruza kwa majuma bila mafua, tezi nyingine zinazovimba pembeni mwa shingo, au chakula kinachokwama, hayo si mambo ya kusubiri sikukuu ipite. Ipo aina moja adimu, anaplastiki, ambayo huwapata zaidi wazee na hukua kwa majuma badala ya miaka. Kwa aina hiyo mjadala mrefu ni anasa, na mgonjwa afikishwe hospitali ya rufaa haraka iwezekanavyo.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya shingo, pamoja na damu ya kupima TSH, homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi. Kinundu kikionekana cha kutiliwa shaka, daktari huingiza sindano nyembamba na kunyonya chembe chache za kupelekwa maabara. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu mgonjwa hurudi nyumbani akisema tu, "Wamenichukua kinyama, wamesema hakuna kitu." Majibu ya sindano hii hupangwa katika madaraja sita ya mfumo unaoitwa Bethesda, na ni vyema mgonjwa aondoke akiwa na namba yake kwa maandishi. Daraja la pili ndilo linalomaanisha kwamba chembe zimeonekana salama. La tatu na la nne ni ya mashaka, la tano ni ya shaka kubwa, la sita ni saratani. Daraja la kwanza lina maana tofauti kabisa na wengi wanavyodhani: chembe zilizopatikana hazikutosha kusomwa. Mwenye daraja la kwanza bado hajapimwa, na kumwambia kwamba hana kitu ni kumrudisha nyumbani na swali lilelile alilokuja nalo.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao katika mazungumzo yetu ya afya husahaulika. Korea Kusini, ultrasaundi ya shingo ilipogeuka kipimo cha kawaida kwa watu wasiolalamika chochote, idadi ya waliogunduliwa na saratani ya thairoidi mwaka 2011 ilifikia mara 15 ya ile ya mwaka 1993, lakini idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Maelfu walikatwa tezi kwa ajili ya vinundu ambavyo huenda visingewasumbua maishani. Katika mji wa Kobe nchini Japani, madaktari wa Kuma Hospital walianza mwaka 1993 kuwafuatilia, bila kuwapasua, wagonjwa wenye saratani ya papilari, aina iliyo nyingi kuliko zote, isiyozidi sentimita 1 na isiyo na dalili za hatari, na vinundu vingi havikukua. Ndiyo maana siwashauri ndugu wa mgonjwa wote wakapange foleni ya ultrasaundi kwa sababu tu mmoja wao ameugua, isipokuwa kwa aina moja nitakayoieleza mbele.

Kisu, na karatasi inayofuata kisu

Upasuaji ndio tiba kuu, iwe ni kuondoa nusu ya tezi au yote. Muulize daktari mpasuaji, kwa adabu na bila kuona haya, anafanya upasuaji wa tezi hii mara ngapi kwa mwaka, maana uzoefu wa mkono hapa una uzito mkubwa. Nyuma ya thairoidi hupita mishipa ya fahamu inayoendesha sauti, na mgongoni mwake zimejibanza tezi nne ndogo kama punje za mchele, zinazosimamia kalisi ya damu. Muulize pia kama nusu ya tezi ingetosha. Kwa saratani ndogo iliyobaki ndani ya tezi, mara nyingi nusu hutosha, na mgonjwa anaweza hata kuepuka kidonge cha homoni cha maisha yote.

Saa 24 za mwanzo baada ya upasuaji msindikizaji awe na macho. Shingo ikianza kuvimba na kukaza, au mgonjwa akipumua kwa shida, muuguzi aitwe papo hapo, kwa kuwa damu inayovujia ndani inaweza kuziba njia ya hewa. Siku ya kwanza hadi ya tatu, sikiliza mgonjwa akisema midomo inamchonyota au ncha za vidole zinakufa ganzi: hiyo ni kalisi imeshuka, na ikiachwa hufikia misuli kukakamaa. Dada yangu alidhani ni baridi ya wodi akaomba blanketi la pili, muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyemuuliza, "Na mdomoni je, pamekufa ganzi?"

Kisha ije karatasi iliyo muhimu kuliko zote katika bahasha, ripoti ya maabara ya patholojia, inayochunguza nyama iliyoondolewa. Hospitali moja ilituruhusu kuondoka na kikaratasi cha maneno mawili, "saratani ya thairoidi", na tulizunguka majuma matatu kuitafuta ripoti kamili kwa sababu kliniki ya mionzi haikuweza kupanga chochote bila hiyo. Ripoti inayofaa hutaja aina ya saratani, ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, kama umetoka nje ya ganda la tezi, kama umeingia kwenye mishipa ya damu, na matezi mangapi ya limfu yalichunguzwa na mangapi yalikutwa na ugonjwa. Aina iliyo nyingi ni papilari, kiasi cha 80 kati ya 100 au zaidi. Aina nyingine, folikula, huonekana zaidi katika sehemu zilizopungukiwa madini joto, yaani iodini, kama zilivyokuwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kabla ya chumvi kuongezwa madini hayo. Piga nakala mbili za ripoti hii, na picha kwa simu.

Kidonge cha kila asubuhi

Aliyeondolewa tezi yote hutumia levothairoksini maisha yake yote. Dawa yenyewe ni ya bei ya kawaida na ya zamani. Kinachoiharibu ni mazoea ya mezani. Humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya staftahi, na chai ya maziwa au kahawa isubiri muda huo upite. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalisi, na dawa za kutuliza kiungulia vikae mbali nayo kwa saa nne, jambo linalohitaji mpangilio kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa na kuandikiwa kalisi na homoni kwa siku moja. Katika Ramadhani, anayefunga akubaliane na daktari wake mapema kabla ya mwezi kuandama: wengine humeza usiku, saa tatu au zaidi baada ya futari, wengine nusu saa au zaidi kabla ya daku. Jambo la maana ni kuchagua wakati mmoja na kudumu nao. Duka la dawa likikosa aina uliyoizoea na kukupa ya kiwanda kingine, ipokee lakini mwambie daktari, ili damu ipimwe tena baada ya majuma sita hadi manane.

Hapa kuna jambo ambalo hata wagonjwa wa siku nyingi hawalijui. Kidonge hiki hurudisha homoni iliyokosekana, na kwa wenye hatari kubwa hutolewa pia kwa kipimo cha kuishusha TSH, kwa kuwa TSH huchochea chembe za thairoidi zilizobaki. Kuishusha mno kwa miaka mingi huchosha moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Kwa hiyo katika kila kliniki muulize daktari, "TSH yangu inatakiwa iwe kati ya ngapi na ngapi, na kwa nini?" na jibu liandikwe kwenye kadi. Kipimo kingine kinachofuatana nayo ni thairoglobulini, protini ya chembe za thairoidi, ambayo kwa aliyeondolewa tezi yote ni alama ya kubaki au kurudi kwa ugonjwa. Ipimwe katika maabara ileile kila inapowezekana, pamoja na kingamwili zake, la sivyo namba za mwaka huu na za mwaka jana hazitalinganika. Anayetumia vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini aviache siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu, maana huvuruga majibu. Mgonjwa akishika mimba apeleke habari kliniki mara moja, kwa kuwa kipimo cha dawa huhitaji kuongezwa mapema.

Madini joto yenye mionzi

Tezi ya thairoidi huvuta iodini kuliko kiungo kingine chochote, na tabia hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa tiba. Mgonjwa hupewa kidonge au kinywaji cha iodini-131, chembe za thairoidi zilizosalia huimeza kwa ulafi wao wa kawaida, na mionzi huziua kutoka ndani. Saul Hertz, daktari wa Boston, alimtibu kwa iodini ya mionzi mgonjwa wa kwanza mwenye tezi iliyozidisha homoni mwaka 1941, na muda si mrefu njia hiyo ikafika kwa wagonjwa wa saratani. Tanzania, tiba hii hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wagonjwa wa mikoani huifuata huko.

Ili tiba ifanye kazi, chembe hizo zifike siku ya dawa zikiwa na njaa ya iodini, na TSH ikiwa juu, kwa kawaida zaidi ya 30. TSH hupandishwa kwa kusimamisha levothairoksini majuma matatu hadi manne, au kwa sindano maalumu zisizopatikana kirahisi kwetu kwa sababu ya bei. Katika majuma hayo mgonjwa huwa mzito, husahau, huhisi baridi, na hulia kwa jambo dogo. Familia iambiwe mapema ili isimwite mvivu. Asiendeshe gari wala pikipiki akiwa katika hali hiyo.

Njaa ya iodini hujengwa jikoni, kwa juma moja hadi mawili kama hospitali itakavyoelekeza, na kwa mtu wa pwani hilo ni jihadi. Samaki wote wa baharini, dagaa, kamba, pweza, ngisi na mwani haviguswi. Maziwa, mtindi, jibini na kiini cha yai vinawekwa kando. Mkate, biskuti na viazi vya pakiti vina chumvi usiyoijua, na vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi pia. Adui si chumvi yenyewe, ni madini joto yaliyomo ndani yake, na pakiti za dukani kwetu zimeandikwa wazi kwamba yamo. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo sokoni haiaminiki pia, kwa kuwa hakuna anayejua imetiwa nini, na chumvi ya bahari ina iodini yake ya asili. Sisi tulipika bila chumvi kabisa: ugali, viazi vitamu, ndizi mbichi, wali, mchicha wa nazi iliyokunwa nyumbani, nyama ya ng'ombe kidogo, na kwa ladha tukategemea ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Siku ya tisa jirani mwema alileta bakuli la pweza wa nazi kumpa pole mgonjwa, na dada, ambaye alikuwa amechoka na ndimu, akala. Tulilisema kliniki kama lilivyokuwa, na miadi ikasogezwa mbele. Bora kusema, maana dozi iliyotolewa juu ya tumbo la pweza ingekuwa dozi iliyopotea.

Iodini huingia pia kwa milango isiyo ya jikoni. Picha ya CT iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha yenye iodini inaweza kuahirisha tiba kwa mwezi mmoja au miwili, kwa hiyo anayependekezewa picha hiyo aseme kwamba anasubiri mionzi. Dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda na dawa ya moyo iitwayo amiodaroni zina iodini nyingi. Ya pili isiachwe bila idhini ya daktari wa moyo. Mwanamke apimwe mimba kabla ya dozi. Anayenyonyesha humwachisha mtoto majuma sita au zaidi kabla, na hatamrudisha mtoto huyo kwenye ziwa. Baada ya tiba, mimba isubiri miezi sita hadi mwaka mmoja.

Chumba cha kutengwa ni upweke kuliko maumivu. Mgonjwa hunywa maji mengi, huoga mara kwa mara, hukaa anapokojoa hata akiwa mwanamume, na huvuta maji ya choo mara mbili, kwa kuwa mionzi mingi hutoka na mkojo siku mbili za mwanzo. Tezi za mate nazo huvuta iodini, ndiyo maana wengi hupewa vitu vichachu vya kumumunya kwa wakati uliopangwa na kliniki. Simu ikiingia humo, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni utakaotupwa.

Nguvu ya iodini-131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, na sehemu iliyobaki mwilini ndiyo inayoleta masharti ya nyumbani: kulala peke yake, vyombo na nguo vioshwe kando, na kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa idadi ya siku itakayoandikwa na hospitali kulingana na dozi. Msindikizaji ataje hali halisi ya nyumbani kabla ya dozi, wala asingoje kuulizwa. Kama nyumba ni ya vyumba viwili na watoto watano, kama choo ni cha shimo na ni cha wapangaji wote, kama safari ya kurudi ni basi la mwendo wa saa kumi na mbili ambamo mgonjwa atabanana kiti na mama mjamzito asiyejua lolote, mambo hayo hubadilisha siku ya kuruhusiwa. Mara nyingi suluhisho ni jepesi, kama kulala siku chache zaidi mjini kwa ndugu asiye na watoto wadogo. Anayetarajia kusafiri kwa ndege, tuseme kurudi kazini Muscat au Dubai, aombe barua ya hospitali, kwa kuwa mitambo ya viwanjani inaweza kuinasa mionzi hata majuma kadhaa baadaye.

Na swali letu, "Tusipofanya hivi, itakuwaje?" ndipo hapa lina nguvu zaidi, kama tafiti zitakavyoonyesha.

Aina inayoihusu familia nzima

Saratani ya medula haitokani na chembe zinazovuta iodini, kwa hiyo iodini ya mionzi haiisaidii. Hufuatiliwa kwa kipimo cha damu cha homoni ya kalsitonini, na kiasi cha robo ya wagonjwa wameirithi kupitia hitilafu ya jeni (kibeba urithi) iitwayo RET. Ripoti ikisema medula, ulizia kipimo cha jeni hiyo kwa mgonjwa, na hitilafu ikikutwa, kwa wazazi, ndugu na watoto wake. Hapa ndipo familia inapopaswa kwenda kupimwa hata bila dalili. Ulizia pia kama amepimwa uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo kabla ya kupasuliwa, kwa sababu familia hizo huweza kuwa nao, na dawa ya usingizi ikiukuta bila kutazamiwa presha hupanda kwa kiasi cha kuua. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha selpercatinib, dawa inayolenga RET moja kwa moja. Katika eneo letu dawa za namna hiyo ni adimu na ghali, na kwa baadhi ya wagonjwa njia ya kuzifikia hupitia utafiti.

Ukiletewa fomu ya utafiti

Utafiti wa tiba ni njia ya kujibu swali ambalo madaktari wenyewe hawajalijua jibu lake. Hilo likieleweka, hofu ya kufanyiwa majaribio hupungua, na pia tamaa ya kudhani kwamba dawa mpya lazima iwe bora. Chukua mfano wa iodini ya mionzi. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi walipewa dozi kubwa ya gigabekereli (kipimo cha nguvu ya mionzi) 3.7 kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka. Tafiti mbili, HiLo ya Uingereza yenye wagonjwa 438 na ESTIMABL1 ya Ufaransa yenye wagonjwa 752, ziliwagawa kwa bahati nasibu kati ya dozi hiyo na dozi ya 1.1, na mwaka 2012 zikatoa jibu: ndogo ilifanya kazi sawa na kubwa katika kumalizia mabaki ya tezi. Wafaransa wakaendelea kuuliza. Katika ESTIMABL2, wagonjwa 776 wa hatari ndogo waliokwisha kupasuliwa waligawanywa, wengine wakipewa iodini, wengine wakifuatiliwa tu. Matokeo ya miaka mitatu yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikuwa asilimia 95.9 bila tatizo kwa waliopewa, na asilimia 95.6 kwa wasiopewa.

Tofauti hiyo ndogo imewaokoa watu na mwiko wa pweza, na chumba cha kutengwa, na mwaka wa kusubiri mimba. Lakini isibebwe kama ilivyo kuletwa kwetu. Wale walikuwa na uvimbe mdogo, wamepasuliwa na wapasuaji wa kazi hiyo, na wana ultrasaundi nzuri ya kuwafuatilia kila mwaka. Mgonjwa aliyefika akiwa na uvimbe wa sentimita saba na matezi pembeni mwa shingo si mgonjwa wa ESTIMABL2, na kumnyima iodini kwa kutumia utafiti huo ni kumdhulumu. Ndiyo sababu tafiti zifanywe pia kwa wagonjwa wa Mwanza, Mombasa na Bukavu, na ndiyo sababu siku moja fomu inaweza kukufikia wewe.

Ikikufikia, isome nyumbani. Mtafiti mwema hatakukimbiza. Sisi tuliwahi kuambiwa "weka sahihi tu, ni utaratibu", na fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Una haki ya kupewa fomu ya Kiswahili, au lugha unayoielewa, na mtu wa kukusomea kama macho au elimu havitoshi. Tazama kwanza jina na namba ya kibali cha kamati ya maadili. Tanzania Bara, kibali cha kitaifa hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na jaribio la dawa huhitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar ina kamati yake. Kenya, kamati za maadili huidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na majaribio ya dawa hupita Bodi ya Dawa na Sumu. Fomu isiyo na namba ya simu ya kamati, mbali na ile ya mtafiti mwenyewe, irudishe bila kuitia sahihi.

Ulizia ni hatua ya ngapi. Hatua ya kwanza hutafuta kipimo salama cha dawa kwa watu wachache, na mgonjwa asiingie humo akitarajia kupona kwa hiyo. Ya pili hutazama kama dawa ina dalili ya kufanya kazi. Ya tatu huilinganisha na tiba iliyopo. Ulizia kundi linganishi litapewa nini: tiba ya kawaida, au kidonge kisicho na dawa? Kupangwa kwa bahati nasibu maana yake wewe wala daktari wako hamchagui kundi, na anayekuahidi faraghani kwamba atakupanga panapokufaa ama hasemi kweli ama anaharibu utafiti.

Kisha njoo kwenye mambo ambayo fomu huyaeleza kwa mistari miwili na ambayo kwa familia ndiyo mazito. Nauli na chakula cha kila safari analipa nani, na hulipwa siku ileile au baada ya miezi? Vipimo vya ziada vinaingia katika bima yako au katika mfuko wa utafiti? Ukidhurika, matibabu ni juu ya nani, na kwa muda gani? Kinyama na damu yako vitabaki nchini au vitasafirishwa, na vinaweza kutumika kwa tafiti nyingine usizozijua? Kama utafiti unapima jeni, majibu yanayoihusu familia, kama yale ya RET, mtaambiwa? Na dawa ikikufaa, utafiti ukiisha nani ataendelea kukupa? Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulipitia upya mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2024, linataka suala hilo la mwisho lipangwe kabla utafiti haujaanza. Jibu la "tutaona" si mpango.

Ukikubali, nakala yenye sahihi zote mbili iingie katika bahasha, na kadi ya utafiti ikae kwenye pochi ili hata zahanati ya kijijini ijue unatumia nini. Ukitaka kujitoa, sema wakati wowote, bila kulazimika kutoa sababu, lakini usiache dawa kimyakimya. Mwambie muuguzi wa utafiti ili ikomeshwe kwa usalama, na uombe nakala za vipimo vyako. Dada yangu alikaa na fomu siku tatu, akauliza maswali saba aliyoyaandika nyuma ya kalenda, kisha akakataa kwa sababu safari za kila majuma mawili zilimshinda. Daktari aliandika "hakuridhia" kwenye faili, akampangia kliniki yake ya kawaida Jumatano ileile.